Kocha wa Wasichana: Kazi Yake ni Zaidi ya Mpira

Ukisikia neno "kocha", huenda picha inayokujia haraka ni ya baba mmoja mwenye filimbi shingoni, amesimama pembeni mwa uwanja, anapiga kelele: "Rudi nyuma! Kaba huyo!" Leo tunakuletea kocha wa aina nyingine. Hana filimbi, hapigi kelele, na wachezaji wake hawakimbii. Mchezo wake ni gofu, timu yake ni ya wasichana watupu, na kituo chake cha kazi ni chuo kikuu huko Marekani.

Najua utasema, "Ah, gofu! Mchezo wa wenye pesa. Mimi wa kidato cha tatu unanihusu nini?" Ngoja kidogo. Kocha huyu anakabidhiwa wasichana wa miaka 18 hadi 22, wengi wao wakiwa mbali na wazazi kwa mara ya kwanza. Yeye ndiye anayeamua nani acheze na nani abaki. Ana sauti kubwa kuhusu nani alipiwe ada. Anawaona wakiwa wagonjwa, wakiwa kwenye siku zao, wakiwa wamefeli mtihani, wakiwa wamegombana na marafiki. Mtu mwenye uwezo namna hiyo juu ya maisha ya wasichana anaweza kuwajenga, na anaweza kuwabomoa. Hapo ndipo jambo hili linapokuhusu wewe, uwe unacheza netiboli, riadha au hata kwaya ya shule.

MCHEZO WENYEWE UKOJE?

Uwanja kamili wa gofu una mashimo 18. Mchezaji anaupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie kwenye shimo, kisha anahamia shimo linalofuata. Anayemaliza kwa mikwaju michache ndiye mshindi. Yaani ni kinyume cha mtihani: ukipata namba kubwa, umeumia!

Usidhani ni mchezo wa kuringa tu. Mashimo 18 huchukua saa nne au zaidi, na mchezaji hutembea kama kilomita 8 hadi 10, mara nyingi akibeba au kusukuma mfuko wake wa fimbo juani. Katika mashindano mengine ya vyuo huchezwa mashimo 36 kwa siku moja. Si mchezo, bwana!

Vyuoni, timu huingiza wachezaji watano. Kila siku huhesabiwa matokeo ya wanne waliofanya vizuri zaidi, na ya wa tano hutupwa. Umeona maana yake? Leo siku yako ikiwa mbaya, wenzako wanakubeba. Kesho unawabeba wewe. Mashindano ya taifa husimamiwa na chama cha michezo ya vyuo kiitwacho NCAA. Tangu mwaka 2015, timu nane bora kwenye fainali hizo hupambana kwa mtoano, mchezaji mmoja dhidi ya mmoja, na timu inayoshinda michezo mitatu kati ya mitano inasonga mbele.

Katika gofu ya vyuo, kocha anaruhusiwa kutembea uwanjani na mchezaji na kumshauri. Kwa hiyo mchezaji akiharibu mkwaju mmoja na machozi yakaanza kumlenga, kocha yupo hapo hapo. Atakachosema katika dakika hiyo ndiyo kazi yenyewe.

KAZI HII ILITOKA WAPI?

Zamani timu za wasichana katika vyuo vya Marekani zilikuwa chache na maskini. Zilifundishwa na walimu wa kike wa elimu ya viungo, mara nyingi bila malipo ya ziada. Mwaka 1972 ikapitishwa sheria inayojulikana kama Title IX. Sheria hiyo inakataza shule au chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kumbagua mwanafunzi kwa sababu ya jinsia yake. Ghafla vyuo vikatakiwa kuwapa wasichana nafasi: timu, vifaa, safari na misaada ya masomo. Na timu inahitaji kocha.

Mwaka 1974, mama mmoja mchezaji wa gofu aitwaye Dale McNamara alianzisha timu ya wanawake katika Chuo Kikuu cha Tulsa, jimbo la Oklahoma. Miongoni mwa wachezaji wake wa mwanzo alikuwa Nancy Lopez, binti wa fundi wa magari kutoka mji wa Roswell, New Mexico. Nancy alipokuwa sekondari alichezea timu ya wavulana. Mwaka 1976 akawa bingwa wa wanawake wa vyuo. Mwaka 1978, akiwa mchezaji wa kulipwa, alishinda mashindano tisa, matano kati ya hayo kwa mfululizo.

Mama McNamara aliiongoza timu hiyo kwa miaka 26. NCAA ilipoanza kuandaa ubingwa wa gofu wa wanawake mwaka 1982, timu ya kwanza kuutwaa ilikuwa yake. Mwaka 1988 akautwaa tena, na safari hii bingwa wa mchezaji mmoja mmoja alikuwa binti yake mwenyewe, Melissa. Hebu fikiria: mama yako ndiye kocha wako! Ukichelewa mazoezini, huna pa kukimbilia.

KITI KIMOJA, WANAWAKE WATATU

Sasa twende magharibi zaidi, mji wa Tempe katika jangwa la Arizona, kwenye chuo kikuu cha Arizona State. Hapa tutaona jinsi kazi hii inavyopokezanwa kama kijiti cha mbio.

Mwaka 1980 Linda Vollstedt alianza kuwa kocha mkuu wa gofu ya wanawake. Alikaa mpaka mwaka 2001. Katika muda huo timu yake ilitwaa ubingwa wa taifa mara sita: 1990, 1993, 1994, 1995, 1997 na 1998. Mmoja wa wasichana waliokuwa kwenye timu ya 1990 aliitwa Missy Farr.

Mwaka 2002 kiti cha kocha mkuu kikashikwa na Melissa Luellen. Ndiyo, ni yule yule binti wa McNamara, sasa akiwa na jina la ndoa, baada ya kucheza gofu ya kulipwa na kuwa kocha kwenye chuo chake cha zamani. Missy, ambaye naye sasa anaitwa Farr-Kaye, alikuwa msaidizi wake. Mwaka 2009 wakatwaa ubingwa pamoja.

Mwaka 2015 Luellen alihamia chuo cha Auburn, na Missy, aliyefanya kazi ya usaidizi kwa zaidi ya miaka kumi, akawa kocha mkuu. Mwaka 2017 timu yake iliifunga Northwestern katika fainali. Basi akawa ameutwaa ubingwa huo huo, kwenye chuo kile kile, akiwa mchezaji, akiwa kocha msaidizi, na akiwa kocha mkuu.

Ukisoma haraka utaona ni hadithi ya vikombe. Lakini kuna mambo ambayo hayaandikwi kwenye vikombe. Missy alikuwa na dada yake mkubwa, Heather Farr, aliyechezea chuo hicho hicho na kuingia kwenye gofu ya kulipwa akiwa na miaka 20. Mwaka 1989, akiwa na miaka 24, Heather aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Alifariki Novemba 1993. Alikuwa na miaka 28 tu. Baadaye Missy mwenyewe aliugua saratani ya matiti, si mara moja bali mara mbili. Alitibiwa, akapona, akarudi uwanjani.

Msichana wa miaka 19 akimwambia kocha kama huyo, "Naogopa," anaongea na mtu anayejua hofu ni nini. Anajua pia kwamba mkwaju uliokosewa si mwisho wa dunia.

KOCHA MKUU ANAFANYA NINI KUTWA NZIMA?

Wengi wanafikiri ni kuonyesha jinsi ya kushika fimbo. Kumbe mchezaji anayefika chuoni kwa kawaida amekwisha jifunza kupiga. Kocha mkuu ana kazi nyingine nyingi:

1. Kutafuta wachezaji. Anasafiri kwenye mashindano ya vijana kuangalia vipaji. Haangalii mikwaju tu. Anaangalia msichana anavyoongea na wazazi wake na anavyojizuia akikosea. Kanuni za NCAA zinaweka tarehe na umri wa kuanza kuwasiliana na mwanafunzi, ili watoto wadogo wasisumbuliwe na kuahidiwa mambo.

2. Kugawa misaada ya masomo. Kwa miaka mingi kikomo kwa timu ya gofu ya wanawake kilikuwa ufadhili kamili wa wanafunzi sita, ambao kocha aliweza kuugawanya kwa wachezaji wengi zaidi. Mfumo huo ulianza kubadilishwa mwaka 2025. Uamuzi huu ni mzito. Kwa familia nyingine ndiyo tofauti kati ya binti kusoma na kukaa nyumbani.

3. Kulinda muda wa masomo. Wakati wa msimu, shughuli za michezo zinazosimamiwa na kocha zina kikomo cha saa 20 kwa wiki. Mwanafunzi anayeshindwa masomo haruhusiwi kucheza. Kwa hiyo kocha anafuatilia ripoti za darasani kama mwalimu wa darasa.

4. Kupanga safari na bajeti. Msimu una sehemu mbili: Septemba mpaka Novemba, kisha Februari mpaka Mei. Kuna ndege, hoteli, chakula na mitihani inayofanywa safarini.

5. Kuchagua watano. Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Timu ina wasichana wanane au tisa, na kila wiki kuna watakaoachwa. Kocha mzuri anamwambia msichana ana kwa ana na kumpa sababu. Kocha mbaya anabandika karatasi ukutani na kuondoka.

Kazi yenyewe ni ya mkataba. Timu isipofanya vizuri miaka kadhaa, kocha anaweza kuondolewa. Wikiendi nyingi yuko njiani, na kama ana watoto, lazima apange nani abaki nao.

MWILI WA MCHEZAJI SI MALI YA TIMU

Hapa ndipo sisi wa afya tunakaa mkao wa kusikiliza. Kocha wa wasichana asiyeijua miili ya wasichana ni hatari. Tuangalie mambo manne.

Chakula. Wapo makocha wanaowaambia wasichana wapunguze unene ili wapendeze au wawe wepesi. Msichana anaanza kuruka milo. Mwili ukitumia nguvu nyingi kuliko unazopata, unaanza kuzima baadhi ya kazi zake, kama mtu anayezima taa ili umeme usiishe. Mifupa inadhoofika, majeraha hayaponi, akili inachoka, na hedhi inaweza kukoma. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la kitaalamu kuhusu tatizo hili, na ikasema linaweza kuwapata hata wavulana. Kwa hiyo, kaka, na wewe kula.

Hedhi. Kuna wanaosema eti mchezaji akikosa siku zake ni dalili kwamba anafanya mazoezi sawasawa. Huo ni uongo! Kwa msichana aliyevunja ungo karibuni, siku kubadilika-badilika ni kawaida. Lakini kama zilikuwa zinakuja vizuri kisha zikakosekana miezi mitatu mfululizo, muone mhudumu wa afya. Kama umewahi kufanya ngono, usingoje hata miezi hiyo mitatu. Pima mimba mapema. Na kucheza ukiwa kwenye siku zako hakuna madhara, mradi una pedi au kitambaa safi na hujisikii vibaya. Kocha anayejua kazi anaweka pedi kwenye mfuko wa huduma ya kwanza, wala hamfanyi msichana aombe kwa aibu.

Jua na maji. Arizona wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40. Wachezaji hunywa maji kabla ya kusikia kiu, huvaa kofia na hupaka mafuta ya kuzuia jua. Kwa mwenzetu mwenye ualbino, kofia pana, mikono mirefu na mafuta hayo ni kinga ya saratani ya ngozi, si urembo.

Matiti. Baada ya kusoma kuhusu Heather na Missy, pengine umeshtuka. Tulia. Saratani ya matiti kwa wasichana wa umri wako ni nadra sana, na vivimbe vingi vinavyopatikana katika ujana si saratani. Lakini uujue mwili wako. Ukiona uvimbe usioondoka, ngozi ya titi imebonyea, au chuchu inatoa damu, nenda kituo cha afya. Usikae nao kwa miezi. Kama mama au dada yako aliugua ugonjwa huu, mwambie daktari, kwa sababu uwezekano wako unaweza kuwa mkubwa zaidi. Saratani hii haiambukizi. Hailetwi na kurogwa, wala kwa kuweka pesa au simu kwenye sidiria. Na wanaume nao wanaweza kuipata, ingawa ni wachache. Ikigunduliwa mapema, nafasi ya kupona ni kubwa zaidi.

KOCHA NA MIPAKA

Tumesema kocha ana nguvu. Nguvu bila mipaka ni sumu. Marekani wenyewe walijifunza hilo kwa machungu. Larry Nassar alikuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki na wa chuo cha Michigan State. Kwa miaka mingi aliwadhalilisha kingono mamia ya wasichana akisingizia kwamba anawatibu. Baadhi yao walisema mapema. Hawakusikilizwa, kwa sababu alikuwa mtu anayeheshimika. Januari 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175. Mwaka huo huo ikatungwa sheria inayowalazimisha watu wazima kwenye vyama vya michezo vya taifa kutoa taarifa ndani ya saa 24 wakishuku kwamba mtoto anadhalilishwa.

Kanuni nzuri wanayoitumia huko ni hii: mazungumzo kati ya mtu mzima na mchezaji mtoto yafanyike mahali ambapo watu wengine wanaweza kuyaona na kuyakatisha. Sasa wewe mwangalie kocha au mwalimu wako kwa jicho hilo.

Kocha mwema:
- anasahihisha kosa lako bila kukutukana wewe wala mwili wako;
- anakueleza kabla ya kukugusa ili kukuonyesha mkao, na ukikataa anakubali;
- anawajulisha wazazi au walezi kuhusu safari;
- anafurahi ukiwa na watu wengine wa kukushauri.

Jihadhari na kocha:
- anayekuita peke yako chumbani au nyumbani kwake;
- anayekupa zawadi na kukuambia usimwambie mtu;
- anayesema utapata namba kwenye timu ukimkubalia;
- anayekutumia ujumbe wa usiku usiohusu mchezo.

Anayetaka ngono ili akupe nafasi hakupendi, anakuibia. Awe mwanamume au mwanamke, kosa ni lake, si lako. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Akikupuuza, mwambie wa pili na wa tatu. Kwa Tanzania na Kenya unaweza kupiga simu namba 116, ambayo ni huduma ya bure kwa watoto.

MBONA WANAWAKE WALIPUNGUA?

Sasa sikia jambo la kushangaza. Mwaka 1972, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake katika vyuo vya Marekani zilifundishwa na wanawake. Kufikia mwaka 2014, walikuwa wameshuka hadi asilimia 43 hivi. Wasichana wanaocheza waliongezeka mno, lakini makocha wa kike wakapungukiwa na nafasi. Kwa nini?

Sababu moja ni pesa. Kazi ilipokuwa ya kujitolea, waliachiwa kina mama. Ilipoanza kuwa na mshahara na heshima, wanaume wengi wakaomba, na viongozi wa michezo wa vyuo waliokuwa wakiajiri walikuwa wanaume kwa wingi. Mtu huajiri anayemfahamu. Sababu nyingine ni safari na malezi: mwanamke akisafiri kikazi, huulizwa watoto amemwachia nani, mwanamume haulizwi.

Hatusemi mwanamume hawezi. Dan Brooks alianza kuifundisha timu ya wanawake ya chuo cha Duke mwaka 1984, na timu zake zimetwaa ubingwa wa taifa mara saba kati ya 1999 na 2019. Suala ni kwamba msichana asiyewahi kumwona mwanamke kwenye kiti hicho hawezi kujua kwamba kiti hicho kinamhusu. Missy alimwona Vollstedt. Melissa alimwona mama yake. Wewe umemwona nani?

NJIA YA KUFIKA HUKO

Hakuna lifti, kuna ngazi. Wengi hupita hivi: kucheza mchezo kwa bidii, kusoma chuo na kupata shahada, kuwa kocha msaidizi, wakati mwingine kwa mshahara mdogo, kisha kuomba timu ndogo kabla ya timu kubwa. Anne Walker, mzaliwa wa Scotland, alichezea gofu Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, akawa msaidizi hapo hapo, kisha kocha mkuu wa timu changa ya UC Davis, na mwaka 2012 akachukuliwa na Stanford. Timu zake za Stanford zilitwaa ubingwa mwaka 2015, 2022 na 2024.

Usingoje kwenda Marekani ndipo uanze. Mwombe mwalimu wa michezo akuruhusu kumsaidia kupanga mazoezi ya kidato cha kwanza. Jifunze huduma ya kwanza. Usiidharau biolojia, maana mfupa, msuli na homoni vimo humo. Kama mjini kwenu kuna uwanja wa gofu, uliza kama wana mafunzo kwa vijana. Baadhi ya klabu huwa nayo. Na kama mchezo wako ni netiboli au riadha, kazi ya kulea timu ni ile ile.

Ukiwa nahodha leo, tayari una wachezaji mikononi mwako. Anayeketi benchi amekasirika, umemsemesha? Anayeumwa tumbo la hedhi, umemcheka au umemtafutia pedi?

JADILIANENI NA WENZAKO

1. Kocha au mwalimu wa michezo shuleni kwenu hufanya nini mchezaji anapokosea? Mngependa afanye nini?
2. Msichana na mvulana wakiomba kuongoza timu, je, huulizwa maswali yale yale?
3. Rafiki yako ameacha kula ili awe mwepesi kwa ajili ya mashindano. Utamwambia nini? Na asiposikia, utamwambia nani?
4. Taja watu wazima watatu ambao ungewaendea kama kocha angekufanyia jambo baya. Kama hujafikisha watatu, anza kuwatafuta leo.